Punguzo la Bei, Si Punguzo la Sheria: Leseni za Uvuvi na Uwindaji kwa Askari wa Zamani wa Marekani

Katika majimbo 50 ya Marekani, mtu mzima anayetaka kutupa ndoana ziwani kwa burudani au kuingia porini kuwinda kulungu hutakiwa, kwa kawaida, awe na leseni aliyoilipia ada, na karibu kila jimbo limejiwekea utaratibu wa kuwapunguzia ada hiyo, au kuwafutia kabisa, baadhi ya watu waliowahi kulitumikia jeshi la nchi hiyo. Kwa mtazamaji wa nje punguzo hilo ni shukrani tu ya taifa kwa askari wake. Kwa mwanasheria na kwa mhifadhi wa wanyamapori ni mpango wenye masharti mengi, ambao hauwezi kueleweka mpaka maswali matatu yatenganishwe: ni askari gani anayestahili, ni kibali kipi hasa kinachopunguzwa bei, na pengo la fedha linaloachwa na punguzo hilo linazibwa na nani. Kila jimbo hujibu maswali haya kwa namna yake, ndiyo maana askari mmoja, mwenye cheti kilekile na jeraha lilelile, anaweza kuvua bure upande mmoja wa mpaka wa jimbo na kutozwa ada kamili upande wa pili.

Asili ya leseni

Msingi wa leseni ni kanuni ya kwamba wanyamapori na samaki si mali ya mwenye shamba wanamopita, bali ni amana ya umma inayosimamiwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Kanuni hii ilianza kujengeka mahakamani mwaka 1842, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua shauri la Martin dhidi ya Waddell, lililohusu chaza wa ghuba ya Raritan huko New Jersey, na kukataa dai la haki ya mtu binafsi kuhodhi chaza walio chini ya maji hayo. Ikaimarishwa mwaka 1896 katika shauri la Geer dhidi ya Connecticut, lililoyatambua majimbo kuwa ndiyo yenye mamlaka juu ya wanyama wa porini. Ijapokuwa mwaka 1979, katika shauri la Hughes dhidi ya Oklahoma, mahakama hiyohiyo iliitengua hoja ya kwamba jimbo ni mmiliki halisi wa wanyama hao, uwezo wa majimbo wa kuweka misimu, vikomo na ada ulibaki palepale. Ndiyo sababu hakuna leseni moja ya uwindaji au uvuvi wa burudani inayotumika nchi nzima, na kwa hiyo hakuna pia punguzo moja la nchi nzima kwa askari wa zamani.

Mamlaka hayo ya majimbo yalizaa tofauti kubwa ya bei kati ya mkazi, yaani mtu aliyeweka makao yake ya kudumu katika jimbo husika, na mgeni anayetoka jimbo jingine. Mashauri mawili yanaonyesha mpaka wa tofauti hiyo. Mwaka 1948, katika shauri la Toomer dhidi ya Witsell, Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya South Carolina iliyowatoza wavuvi wa kamba wa jimbo hilo dola 25 kwa kila mashua na wageni dola 2,500, kwa sababu uvuvi huo ulikuwa riziki ya watu, na Katiba inamlinda raia anayetafuta riziki katika jimbo lisilo lake. Mwaka 1978, hata hivyo, mahakama hiyo iliiunga mkono Montana, ambako miaka miwili nyuma mkazi aliweza kununua leseni ya kuwinda elki, yaani aina ya kulungu mkubwa wa milimani, kwa dola 9, huku mgeni akilazimika kununua leseni ya mchanganyiko kwa dola 225. Hoja ilikuwa kwamba uwindaji wa burudani si haki ya msingi inayoyafunga majimbo kuwatendea watu wote sawasawa. Kutokana na uamuzi huo jimbo likabaki huru kupanga bei kwa kufuata makazi ya mtu, na uhuru wa kupandisha bei kwa kundi moja unaendana na uhuru wa kuishusha kwa kundi jingine. Hapo ndipo punguzo la askari linapopata nafasi yake kisheria, na ndipo pia panapoeleweka kwa nini, kwa kawaida, punguzo hilo huhusu leseni za burudani na haligusi leseni za uvuvi wa biashara.

Kilichomo ndani ya leseni

Mtu anayesikia kwamba askari fulani amepewa leseni bure anaweza kudhani kwamba askari huyo amefunguliwa pori na maji yote, ilhali leseni ya Marekani ni mkusanyiko wa vibali kadhaa vinavyopangwa kwa tabaka. Tabaka la kwanza ni leseni ya msingi, ambayo humruhusu mtu kuwinda wanyama wadogo kama sungura na kuchakuro, au kuvua samaki wa kawaida. Tabaka la pili ni stempu au vidhinisho vya nyongeza, vinavyolipiwa mbali kwa ajili ya jamii maalumu ya samaki au ndege, kama vile trauti, samoni, bata wa majini au bata mzinga wa porini. Tabaka la tatu ni lebo, yaani kipande cha karatasi au cha plastiki kinachofungwa kwenye mzoga mara tu mnyama mkubwa anapouawa, ili idadi ya waliouawa isizidi ile iliyopangwa. Na pale ambapo waombaji ni wengi kuliko wanyama, lebo hizo hugawiwa kwa bahati nasibu.

Juu ya tabaka hizo upo muda wa leseni, ambao haufanani kutoka jimbo hadi jimbo. Katika Texas mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 31 Agosti, kwa hiyo leseni nyingi za mwaka zinazonunuliwa mwezi wa Julai hudumu wiki chache tu. California nayo iliacha mwaka wa kalenda kwa leseni zake za uvuvi, na tangu Januari 2023 leseni ya mwaka huhesabiwa siku 365 kuanzia tarehe iliyochaguliwa, huku leseni zake za uwindaji zikiendelea kufuata kipindi cha tarehe 1 Julai hadi 30 Juni. Kwa askari wa zamani tofauti hii si jambo dogo, kwa maana punguzo la mwaka hufuata kalenda ya leseni yenyewe, na kustahili mwaka huu hakumwondolei, isipokuwa pale leseni ilipotolewa kwa maisha yote, wajibu wa kuichukua upya mwaka unaofuata.

Askari gani anayestahili

Sheria za majimbo hutenganisha makundi manne ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Kundi la kwanza ni askari walio kazini. La pili ni askari wastaafu, yaani wale waliotimiza muda wa utumishi unaompa mtu pensheni ya jeshi, ambao kwa kawaida ni miaka 20. La tatu ni askari wa zamani kwa maana pana, ambayo sheria ya taifa inaieleza kuwa ni mtu aliyetumikia jeshini na akaachishwa au akaondoka kwa masharti yasiyo ya fedheha, hata kama alitumikia miaka michache tu. La nne ni askari wa zamani wenye ulemavu uliotokana na utumishi, na kundi hili ndilo linalopata mapunguzo makubwa zaidi. Florida ni mfano wa jimbo lililolenga makundi mawili ya kwanza, kwa kuwa leseni yake ya pamoja ya kijeshi, inayojumuisha uwindaji na uvuvi wa maji baridi na ya chumvi, ilibuniwa kwa wakazi walio kazini au waliostaafu, ikauzwa kwa dola 20 badala ya dola 100 hivi zinazolipwa na mkazi wa kawaida. Aliyetumikia miaka minne akarudi uraiani hakuwa amekusudiwa na mpango huo, hata kama alipigana vitani.

Uthibitisho wa kuwa askari wa zamani hutolewa na hati iitwayo DD 214, ambayo askari hukabidhiwa anapoachishwa jeshi, nayo hutaja tarehe za utumishi wake na hadhi ya kuachishwa kwake. Hadhi hizo huanzia kuachishwa kwa heshima, zikashuka hadi kuachishwa kwa fedheha, ambako hutokana na hukumu ya mahakama ya kijeshi. Majimbo mengi hutaka kuachishwa kwa heshima ndipo punguzo litolewe, na baadhi hukubali pia hadhi inayofuata chini yake, ambayo ni kuachishwa kwa ujumla chini ya masharti ya heshima. Kwa mwenye ulemavu hati hiyo peke yake haitoshi. Huhitajika pia barua ya Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani, idara ya serikali kuu inayolipa fidia za ulemavu, ikionyesha kiwango cha ulemavu kwa asilimia.

Asilimia hizo hupangwa kwa makumi, kuanzia 0 hadi 100, na namna zinavyojumlishwa huwashangaza wengi, kwa sababu ulemavu wa pili hauongezwi juu ya wa kwanza moja kwa moja, bali hukatwa kutoka katika uzima uliobaki. Askari mwenye ulemavu wa asilimia 30 wa goti na asilimia 20 wa bega hahesabiwi kuwa na asilimia 50: goti linamwachia uzima wa asilimia 70, bega linachukua asilimia 20 ya hiyo 70, yaani 14, jumla inakuwa 44, nayo husogezwa hadi kumi iliyo karibu, hivyo kiwango chake kinaandikwa 40. Mwenye asilimia 50 na 30 hupata 65, ambayo hupandishwa hadi 70. Hesabu hii ni ya fidia, si ya samaki wala ya kulungu, lakini majimbo yameiazima kama kizingiti cha leseni, na kwa hiyo kosa la kujumlisha kichwani linaweza kumfanya mtu aombe punguzo asilostahili, au aache kuomba analostahili.

Vizingiti vyenyewe vimetawanyika. Oregon huwapa leseni bure wakazi wake walioumia vitani wenye ulemavu wa asilimia 25 na kuendelea, ilhali Washington huanzia asilimia 30 kwa ada iliyopunguzwa, na mwenye umri wa miaka 65 au zaidi hukubaliwa akiwa na ulemavu wowote uliotokana na utumishi. Texas na California zimeweka asilimia 50, Colorado asilimia 60, Wisconsin asilimia 70, na Michigan hutoa leseni bure kwa aliyetambuliwa kuwa mlemavu kabisa na wa kudumu mwenye haki ya mafao ya asilimia 100, na humhesabu pia yule ambaye asilimia zake ni pungufu lakini analipwa kwa kiwango cha 100 kwa sababu majeraha yake hayamruhusu kufanya kazi ya kujikimu. Sababu ya mtawanyiko huu ni uzito ambao kila bunge la jimbo huupa idadi ya watakaofaidika: mlio wa masikioni, ambao ndio ulemavu ulioenea kuliko mwingine wowote miongoni mwa wanaolipwa fidia, huwa na asilimia 10 tu, kwa hiyo jimbo linaloweka kizingiti chini sana hufungua mlango kwa umati mkubwa, na linalokiweka juu hubakiza msaada kwa walioumia sana.

Sharti la mwisho katika sehemu hii ni makazi. Texas, California na Colorado hutaka kwa kawaida miezi sita ya makazi kabla mtu hajahesabiwa mkazi, na Alaska hutaka miezi 12. Askari aliye kazini aliyehamishiwa kambi ya jimbo fulani kwa amri ya jeshi hupewa mara nyingi bei ya mkazi bila kusubiri muda huo, lakini nafuu hiyo hutokana na amri ya uhamisho, hivyo haimfuati mara anapoacha jeshi. Kuhusu walemavu, majimbo hayakubaliani: mengi hutoa punguzo kwa wakazi wake peke yao, ilhali Texas humpa leseni yake ya pamoja bure hata askari wa zamani wa jimbo jingine mwenye ulemavu wa asilimia 50 au zaidi, au aliyepoteza matumizi ya mguu. Mkazi wa kawaida hulipia leseni hiyo dola 68, na mgeni wa kawaida hulipa dola 315 kwa leseni ya jumla ya uwindaji peke yake.

Kinachofunikwa na punguzo na kinachoachwa

Punguzo likishapatikana, swali linalofuata ni tabaka lipi la vibali limeguswa. Colorado humpa mkazi mwenye ulemavu wa asilimia 60 leseni ya maisha ya uvuvi na uwindaji wa wanyama wadogo, lakini kulungu na elki hawamo, na anayewataka huingia katika maombi na malipo kama wawindaji wengine. Michigan huenda mbali zaidi, kwa kumruhusu anayestahili achukue bure leseni yoyote ya mkazi, mradi si miongoni mwa zile zinazogawiwa kwa bahati nasibu. Mifano hii miwili inaeleza kanuni moja, kwamba jimbo huwa tayari kusamehe fedha pale ambapo rasilimali ni nyingi, na husita pale ambapo kila kibali kinachotolewa ni mnyama mmoja aliyehesabiwa. Kumpa mtu lebo ya elki nje ya foleni ni kumnyima mwingine, na hilo haliwezi kufidiwa na hazina yoyote.

Nje ya majimbo kipo kibali kimoja ambacho hakuna jimbo linaloweza kukisamehe, nacho ni stempu ya bata, iliyoanzishwa na sheria ya taifa ya mwaka 1934 kwa bei ya dola 1 na ambayo tangu mwaka 2015 huuzwa kwa dola 25. Kila mwindaji wa bata na bukini wanaohama aliyefikisha umri wa miaka 16 hutakiwa kuwa nayo, na asilimia 98 ya mapato yake hutumika kununua na kulinda maeneo oevu, yaani vinamasi na mabwawa ambamo ndege hao hutaga na kupumzika. Askari wa zamani hakusamehewa stempu hiyo. Mwenye leseni ya Texas aliyoipata bure, akitaka kuwinda bata, ni lazima ailipie kwa fedha zake.

Mkanganyiko mwingine huletwa na maeneo ya serikali kuu. Tangu tarehe 11 Novemba 2022 askari wa zamani hupewa bure pasi ya maisha ya kuingia katika hifadhi za taifa na maeneo mengine ya burudani ya serikali kuu, lakini pasi hiyo hulipia kiingilio tu. Haimpi mtu haki ya kuvua, na hifadhi ya Yellowstone, kwa mfano, hutoza kibali chake yenyewe cha uvuvi, tofauti kabisa na leseni za majimbo yanayoizunguka. Ardhi za mataifa ya wenyeji asilia nazo zina vibali vyao, kwa sababu mataifa hayo yana mamlaka yao juu ya wanyama waliomo humo. Ndani ya kambi za kijeshi, ambazo nyingi zina misitu na mito, utaratibu hutokana na sheria ya mwaka 1960 iitwayo Sheria ya Sikes, inayoruhusu kambi kutoza ada ya kibali na kuitumia kwa uhifadhi palepale kambini. Kibali hicho kwa kawaida huongezwa juu ya leseni ya jimbo, hakiichukui nafasi yake.

Nani anayeziba pengo

Sehemu ngumu zaidi ya mpango huu, na ambayo husemwa kwa nadra, ni ya fedha. Idara za wanyamapori za majimbo mengi hutegemea sana mauzo ya leseni badala ya kodi ya jumla, na utegemezi huo ulifungwa na sheria mbili za taifa. Ya kwanza, ya mwaka 1937, ijulikanayo kwa majina ya watunzi wake kama Sheria ya Pittman na Robertson, ilielekeza kwenye uhifadhi wa wanyamapori ushuru wa asilimia 11 unaolipwa na watengenezaji wa bunduki za kuwindia na risasi. Ya pili, ya mwaka 1950, iitwayo Sheria ya Dingell na Johnson, ilifanya vivyo hivyo kwa ushuru wa asilimia 10 wa vifaa vya uvuvi. Fedha hizo hugawanywa kwa majimbo, ambayo kwa kila robo yanayochangia hupewa robo tatu, kwa sharti kwamba mapato ya leseni yasitumiwe kwa jambo lolote nje ya kazi za idara ya wanyamapori na samaki.

Mgao wenyewe hutegemea vigezo viwili. Katika mfuko wa wanyamapori nusu hutolewa kwa kufuata ukubwa wa eneo la jimbo na nusu kwa idadi ya watu waliolipia leseni za uwindaji. Katika mfuko wa samaki uwiano ni asilimia 40 kwa eneo na 60 kwa idadi ya waliolipia leseni za uvuvi. Neno la uzito hapa ni kulipia: anayehesabiwa ni yule ambaye leseni yake imeliingizia jimbo mapato halisi baada ya gharama za kuitoa. Leseni ya bure, kwa hiyo, hulipotezea jimbo mara mbili, kwanza ada ambayo ingelipwa dukani, na pili sehemu ya mgao ambayo mtu huyo angeivuta kutoka serikali kuu kwa kuhesabiwa.

Mtu akilielewa jambo hilo ataacha kuiona ada ndogo kuwa ubahili. California, badala ya kufuta kabisa, humtoza askari mlemavu takribani dola 10 kwa leseni ya uvuvi ambayo mkazi wa kawaida huilipia zaidi ya dola 60. Kwa mnunuzi, tofauti kati ya dola 10 na bure ni ndogo. Kwa idara, ni tofauti kati ya mvuvi anayehesabiwa na asiyehesabiwa. Ipo pia njia ya tatu, ambayo ni bunge la jimbo kutenga fedha katika bajeti yake kuilipa idara ya wanyamapori kwa kila leseni iliyotolewa bure, ili shukrani ya wananchi wote igharamiwe na wananchi wote, isiwe mzigo wa wawindaji na wavuvi wengine peke yao. Bunge linalotangaza leseni ya bure bila kufanya hivyo huwa limetoa zawadi kutoka mfuko wa mtu mwingine. Inafaa kuongeza kwamba hata askari asiyelipa senti kwa leseni huendelea kuchangia uhifadhi, kwa sababu ushuru wa risasi, fimbo za uvuvi na ndoana umo ndani ya bei anayolipa dukani.

Sheria isiyopunguzwa

Baada ya ada kufutwa, masharti mengine yote hubaki. Msimu hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe zilezile, kikomo cha samaki kwa siku ni kilekile, na askari wa wanyamapori anayekagua ukingoni mwa mto huomba kuiona leseni ya bure kama anavyoomba kuiona iliyonunuliwa. Aliyeiacha nyumbani kwa kudhani kwamba asiyelipa hahitaji karatasi hujikuta na kosa. Mafunzo ya uwindaji salama hutakiwa kwa wanaoanza, mara nyingi kwa kufuata tarehe ya kuzaliwa: Texas huwataka waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1971 na baadaye, na Colorado waliozaliwa tarehe 1 Januari 1949 na baadaye. Baadhi ya majimbo huwapa wenye mafunzo ya kijeshi nafuu katika sehemu ya kulenga shabaha, lakini ujuzi wa kulenga haumfundishi mtu kutofautisha kulungu dume na jike wakati wa utusitusi wa jioni, na ndiyo sababu sehemu nyingine za mafunzo hazipaswi kudharauliwa.

Upande wa silaha, leseni ya uwindaji haitoi haki ya kumiliki bunduki. Sheria ya taifa ya mwaka 1968 inamkataza mtu aliyeachishwa jeshi kwa fedheha kuwa na silaha ya moto, kwa hiyo kwake suala la punguzo halifiki hata kuulizwa. Na adhabu za ukiukaji nazo hazikomei mpakani: mapatano ya majimbo yaliyoanza mwaka 1989 kati ya Colorado, Nevada na Oregon, na ambayo sasa yameenea karibu nchi nzima, yanafanya kusimamishwa kwa leseni katika jimbo moja kutambuliwe katika mengine. Askari mwenye leseni ya maisha aliyezidisha kikomo cha kulungu katika jimbo alilotembelea anaweza kuikosa leseni hiyo nyumbani kwake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Mambo haya yanawahusu baadhi ya wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kati ya mwaka 2009 na 2016 jeshi la Marekani liliandikisha, kupitia mpango maalumu, wageni waliokuwa na ujuzi wa lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Wengine wengi wenye asili ya Kenya, Tanzania, Burundi au Kongo waliingia jeshini kwa njia za kawaida baada ya kupata ukazi wa kudumu. Wanaporudi uraiani katika majimbo kama Texas, Washington au Minnesota, wengi wao hufika ofisi ya leseni wakiwa wametoka katika nchi zenye utaratibu tofauti kabisa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania inauruhusu chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ikitenganisha leseni za raia na uwindaji wa kitalii unaofanywa na wageni katika vitalu, lakini mpaka unaoamua bei huko ni wa uraia na utalii, ilhali Marekani mpaka huo ni wa makazi ndani ya jimbo. Kwa askari aliyehama, kubadili anwani mapema na kutunza ushahidi wa tarehe hiyo huwa na thamani kubwa kuliko alivyozoea.

Anayetaka kunufaika bila kujiingiza matatani atafuata mpangilio uleule wa maswali matatu. Ataanza na hati zake: DD 214 kwa ajili ya utumishi, barua ya Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani kwa ajili ya asilimia iliyokwisha kukokotolewa, na uthibitisho wa makazi. Kisha ataisoma leseni yenyewe ili ajue tabaka zipi zimefunikwa, na atanunua stempu na lebo zilizobaki kabla ya msimu kufunguliwa. Swali la tatu, la nani anayelipa, si lake peke yake bali ni la wapiga kura na wabunge wa jimbo lake, na hapo yeye mwenyewe ana sauti yenye uzito kuliko ya wengi: bunge likiombwa kuongeza punguzo, muungwana ni yule askari anayeomba pia kwamba gharama yake iandikwe katika bajeti ya jimbo, ili wanyama na samaki anaowaendea wasije wakapungukiwa matunzo kwa sababu ya kushukuriwa kwake.